Tawi Nililolihamisha

Siku hizi watu wa kutembea wakifika shambani kwangu mie sitoki mbele kuwapokea. Nakaa nyuma ya banda namenya mihogo. Wakiuliza, nasema magoti. Magoti yangu hayana neno, nayasingizia tu, nayo maskini hayana mdomo wa kukataa.

Jina langu Tabu binti Mbwana. Naishi Ukonga kwa binti yangu Salma, lakini Ijumaa hadi Jumapili utanikuta shamba, huku nyuma ya Pugu, msitu unapoishia na mihogo inapoanza. Shamba aliliacha baba. Nina mihogo, nina mananasi, nina banda la makuti na mafiga matatu, na nina mdomo. Salma husema kati ya vyote hivyo, mdomo ndio unaozaa kila msimu.

Jumamosi wanakuja watu wa haiking. Wanashuka kwenye basi dogo la kukodi, wametoka Kinondoni, wametoka Kawe, wamevaa viatu vya rangi ya embe bivu, wameshika fimbo mbili mbili na miguu yao mizima. Mara ya kwanza niliwauliza wanakwenda wapi. Wakasema hawaendi popote bibi, tunatembea tu, tunapita msituni, tunapita mashambani, halafu tunarudi mjini. Nikajisemea, hawa wamefukuzwa makwao na wanaona aibu kusema.

Kiongozi wao anaitwa Godlisten, mwalimu wa sekondari, Mchaga wa Rombo. Kijana wa adabu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Kwenu kuna mlima mzima, umekuja kupanda vichuguu vyetu. Ule wenu umeharibika?"

"Ule una baridi, bibi."

Nikampenda hapo hapo. Nikamwonyesha njia zote: ya mgongoni mwa kilima inayopita kwenye miti mikubwa na kutokea kwangu, ya kisimani, na ile ya bondeni ambayo haifai, ina matete na tope la kummeza ng'ombe. Nikamfundisha na tawi.

Tawi ni hivi. Mnatembea wengi, wengine mbele wengine nyuma. Wa mbele akifika njia panda anakata tawi bichi, analilaza kukingama ile njia ambayo siyo. Anayekuja nyuma akilikuta anajua: huku kumefungwa, nipite kule. Sie tulifanya hivyo tangu wasichana, tukienda kuni. Na kila mmoja alikuwa na alama yake. Shoga yangu Zubeda alipukutisha majani ya upande mmoja. Mie nilifunga fundo la nyasi kwenye kikonyo, maana nilitaka watu wajue ni Tabu aliyepita hapo. Zubeda akaolewa Kinondoni, mie nikabaki huku, tukawa tunaonana kwenye misiba na harusi, na kila Ijumaa ananipigia simu tunasengenya waliokufa na walio hai.

Niseme na hili, maana bila hili hamtanielewa. Mie nimefanya utani na kila kitu. Nimemfichia bwana harusi viatu, nimetia pilipili kwenye chai ya mjumbe, nimecheka msibani hadi nikatolewa nje. Lakini tawi hatukulichezea. Hata mtu uliyegombana naye, hata aliyekuchukulia mchumba, ukimtangulia njiani unamfungia njia mbaya. Hakuna aliyetufundisha kwa fimbo. Tulijua tu.

Basi akaja Clara.

Clara ni binti wa benki, mrefu, sauti yake inatangulia mwili. Jumamosi ya kwanza aliyokuja alinikuta nimesimama pale kwenye mti mkubwa wa mkongo, njia inapogawanyika. Hakuniamkia. Akasema, "Hai bibi." Nikameza. Nikamwambia, "Mwanangu, pita kushoto, ya kulia ina tope."

Akatoa simu, akaizungusha kama anatafuta kibla. Akasema, "Bibi, simu inakataa."

"Inakataa nini?"

"Inasema kulia ndio karibu zaidi."

"Hiyo simu imezaliwa wapi?"

Wenzake wakacheka, yeye hakucheka. Akaniambia taratibu, kama unavyomsemesha mtoto aliyejikojolea, "Bibi, hii inaonwa na satelaiti. Inaona mpaka paa la nyumba yako." Akapita kushoto mwishowe, lakini kwa sababu Godlisten alimwita, siyo kwa sababu yangu. Halafu walipofika kwangu kula muhogo akakaa juu ya tuta la mihogo, akajipiga picha, akamwambia mwenzake, nami nasikia, "Hawa mabibi njia hawazijui kihivyo, wanakumbukaga za zamani."

Wiki nzima neno lile lilinikaa kooni kama mwiba wa perege. Nimezaliwa hapa, nimezaa hapa, nimezika hapa, halafu simu inakataa.

Ijumaa usiku nikapanga. Nilikuwa nimemwona Clara anavyotembea. Kila mara ndiye wa mwisho, kwa ajili ya picha. Wenzake wakishatangulia yeye yupo na kipepeo. Nikasema, kesho nangoja kwenye mkongo hadi wengine wapite, nalitoa tawi njia ya bondeni, nalilaza njia ya mgongoni. Clara atakwenda bondeni, ataingia tope hadi magotini na vile viatu vya embe, atapiga kelele, nami nitakuwa pale juu naosha masufuria, nitamwambia, "Mwanangu, satelaiti haikuona?" Nilicheka peke yangu kitandani hadi panya akahama.

Jumamosi nikainjika muhogo mapema, nikaenda kujificha nyuma ya kichaka cha mbula, karibu na mkongo. Godlisten akapita na kundi. Tawi alishalilaza, tawi lenyewe la kizembe, limekauka nusu. Wakapita kumi, wakapita kumi na tano. Nikasubiri. Kimya. Nikatoka.

Lile tawi lake likanikera. Kama ni kufunga njia, ifungwe vizuri. Nikalitupa, nikakata langu kwa panga, bichi, majani tele, nikalilaza kukingama njia ya mgongoni, ile njia nzuri. Nikarudi kichakani.

Clara akaja, anaongea na simu yake. Akalikuta tawi. Akalitazama. Akaitazama simu. Akainua mguu, akaliruka tawi, akapita njia nzuri kama malkia, hata hakugeuka.

Nikabaki nimechuchumaa pale na panga langu. Mtego wote ule, na panya kapita juu yake anasoma barua. Nikataka kutoka nilirudishe tawi mahali pake, ndipo nikanusa moshi. Muhogo wangu! Unaungua! Nikasema, hakuna mtu nyuma, nitalirudisha baadaye. Nikashika njia ya mkato ya kisimani, nikakimbia na haya magoti ninayoyasingizia.

Muhogo ulikuwa umeshika chini kidogo tu. Nikaukwangua, nikatwanga chachandu, nikawapokea watu. Wakala, wakasifu. Clara naye akala, akasema, "Leo simu imenileta bila hata kupotea, bibi, njia ya wiki iliyopita niliihifadhi humo." Nikamwongezea pilipili.

Godlisten akasimama kuhesabu watu. Akahesabu, akarudia. Akasema, "Mmoja hayupo. Bibi Zubeda yuko wapi?"

Mie nikasema, "Zubeda yupi?"

"Shoga yako, bibi. Amejiunga leo. Daktari kamwambia atembee, ana sukari. Alitukataza kukupigia simu, alitaka akushtukize."

Clara akasema, "Alikuwa na mimi. Alikaa kwenye gogo kupumzika, akaniambia tangulia mwanangu, mie huku ndiko kwetu, sipotei."

"Na wewe ukamwacha?" Godlisten sauti ikapanda.

"Alisema mwenyewe—"

Sikusubiri. Nilichukua chupa ya juisi ya nanasi, nikaanza kwenda. Godlisten akanifuata anasema tuanzie kwenye gogo, tuite, tugawane. Nikamwambia, "Yuko bondeni." Akasema, "Umejuaje?" Nikasema, "Nimehisi." Hilo ndilo neno la kwanza la uongo siku ile. Nalikumbuka kwa sababu lilitoka kirahisi sana.

Tulimkuta amekaa kwenye matete, mguu mmoja topeni hadi goti, kandambili moja imemezwa. Khanga yake imechanika. Alikuwa anatetemeka, jasho linamtoka kama mtu wa homa, na maneno hayakai sawa mdomoni. Nikamshika kichwa, nikamnywesha juisi kidogo kidogo. Godlisten akamvuta mguu. Baada ya muda macho yakarudi. Akaniona.

"Tabu," akasema. "Mbona unalia kama umefiwa, mie sijafa."

"Hujala asubuhi?"

"Nimemeza dawa tu. Nikasema chai nitakwenda kuinywa kwa Tabu."

Godlisten akambeba mgongoni. Mie nikatembea nyuma yao, nimeshika ile kandambili moja iliyobaki, kama mtu aliyeokota ushahidi.

Tulipofika shambani watu wakatuzunguka, wakapiga makofi. Mwenzao mmoja akasema bibi huyu ana macho ya ndani, amejua moja kwa moja. Mwingine akasema tawi litakuwa limehamishwa na nyani. Wote wakakubali, nyani. Tukamlaza Zubeda kwenye mkeka ndani ya banda, nikampa chai na muhogo.

Nje nikamsikia Godlisten. Hakupiga kelele, alisema ile sauti ya darasani.

"Clara, kanuni yetu ni moja. Mtu haachwi nyuma. Mama wa watu angetufia leo. Naomba usije tena."

Clara alikuwa analia. Wanja umemteremka hadi kidevuni. Anasema, "Lakini tawi lilikuwa njia nyingine, mimi niliona, nilidhani limeanguka tu..." na hakuna aliyemsikiliza, maana nani amsikilize mtu asiyeamkia wazee.

Nami nilikuwa mlangoni pale pale. Nimesimama. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, "Ni mie," maneno mawili basi, na sikuyasema. Nikajiambia nitasema akitulia. Nikajiambia mbona na yeye ana makosa yake. Godlisten akanijia na fulana ya kijani, ya chama chao, imeandikwa mgongoni MWENYEJI WA NJIA. Akasema walipanga kunipa mwisho wa mwaka, lakini leo ndiyo siku yake. Wakapiga makofi tena. Nikaipokea. Mikono miwili, kama inavyopasa. Nikasema asanteni wanangu. Hadi leo, nikisikia makofi kwenye redio, nazima.

"Tabu," Zubeda akaniita ndani. "Njoo ukae."

Nikakaa. Akafungua kiganja. Ndani yake kulikuwa na fundo la nyasi, limesinyaa, lina tope.

Nikalitazama. Wallahi sikukumbuka kulifunga. Mikono ilikuwa imelifunga yenyewe, miaka yote ile bado inajua, nilipokuwa naona raha ya kumtega mtoto wa watu.

"Njia niliijua," Zubeda akasema. "Macho yangu yalikuwa yananiambia, Zubeda, ya mgongoni ndiyo hii, ule mkongo ule. Nikakuta tawi. Nikasema labda nyani. Nikainama, nikaona fundo, nikalichomoa. Nikasema aa, Tabu kapita hapa. Tabu kajua nakuja, kanifungia, huko mbele patakuwa na nyoka, au mti umeanguka. Nikafurahi, unajua? Nilicheka peke yangu pale njiani. Nikaenda bondeni."

Nikashika ukingo wa mkeka.

"Tope lilipofika hapa," akagusa goti, "bado nikasema mbele patakuwa pakavu, Tabu hawezi."

"Tawi halikuwa lako," nikasema. "Lilikuwa la yule binti. Ulikuwa utani, Zubeda."

"Najua utani wako. Nimeishi nao." Akalifumbata tena lile fundo kiganjani. "Yule binti analia huko nje."

Hilo tu. Hakusema nenda. Akageuka ukutani.

Nikatoka. Watu walikuwa wanakusanya mifuko, Clara amekaa peke yake kwenye ngazi ya basi. Sasa, mie najijua. Nikikosa, huwa nalipitisha kosa kwenye kicheko, likitoka upande wa pili watu wameshasahau. Nikasimama katikati, nikaweka mkono kiunoni, nikasema, "Jamani, mmemtafuta nyani sana. Nyani mwenyewe huyu hapa, amevaa khanga."

Hakuna aliyecheka. Walidhani ni mzaha wa kawaida, wakatabasamu kidogo, wakaendelea kufunga mifuko. Ikabidi niseme tena, na safari hii bila mkono kiunoni.

"Tawi nililihamisha mie. Nilitaka Clara aingie tope. Halafu nikaliacha pale kwa sababu ya muhogo."

Hata mtu aliyekuwa anafunga kamba za viatu aliacha.

"Bibi," Godlisten akasema, "ulijua bondeni kukoje?"

"Nilijua. Si ndiye mie niliyekwambia."

"Na wewe ndiye uliyenifundisha tawi."

"Ndiyo."

Akanitazama. Mwalimu akikuchapa yanaisha, akikutazama vile hayaishi. Clara akainuka kwenye ngazi, akaja hadi mbele yangu na ule wanja wake.

"Kwa sababu ya simu, bibi?"

"Ulisema simu inakataa."

"Nilisema simu," akasema. "Sikusema wewe."

Mtoto yule ana miaka ishirini na mitano, na alinishinda kwa sentensi mbili, na zote za kweli. Nikampa ile fulana. Akakataa. Nikampa Godlisten, naye akasema ibaki tu bibi, kwa sauti ambayo ingekuwa afadhali aniambie nirudishe. Ninayo hadi leo, nimefunikia mbegu za mbaazi.

Zubeda alipanda basi ameshikwa na Clara. Nilimpelekea kandambili yake moja dirishani. Akasema, "Moja ya nini, Tabu?" Basi likaondoka.

Jumapili nilishuka bondeni na jembe. Nikachimba tope tangu asubuhi hadi adhuhuri, watu wa mashamba ya jirani wananiuliza nimefukia nini, nami ambaye nina jibu la kila swali nikasema kandambili. Wakadhani natania. Nikaipata. Nikaiosha, nikaianika na mwenzake.

Ijumaa simu haikulia. Ijumaa ya pili haikulia. Nikapiga mie, akapokea mkwewe, akasema mama anaswali. Zubeda tangu lini anaswali saa nne asubuhi.

Jumamosi ya tatu Godlisten alituma ujumbe kwamba wanakuja, kama bibi hana neno. Kulipokucha nilikuwa kwenye mkongo. Nikakata tawi bichi, nikalilaza njia ya bondeni, mahali pake pa haki. Nikafunga fundo, na safari hii nilijua nafunga. Nikasimama kando, wazi, siyo kichakani, nimeshika kandambili mbili kwenye mfuko wa rambo.

Kundi likapita. Shikamoo bibi, marahaba. Clara naye, "Shikamoo bibi," hakutabasamu lakini aliamkia, na nyuma yake, amemshika mkono, alikuwa Zubeda. Amevaa viatu vya rangi ya embe.

Nikasema, "Shoga, na wewe wamekufukuza nyumbani?"

Midomo yake ikacheza kidogo. Kidogo sana. Nikamwonyesha mfuko. "Nimekuletea kandambili zako. Zote mbili."

"Asante," akasema, akazipokea, akazitia kwenye mkoba wake.

Halafu akatazama njia. Kushoto mgongoni, peupe. Kulia bondeni, tawi langu limelala, fundo linaonekana, hata kipofu angelipapasa. Nikasimama pale nikingoja apite kushoto. Hatua moja tu. Mahali tulipopita pamoja na mizigo ya kuni tukiwa na miaka kumi.

Zubeda akalitazama tawi, akalitazama fundo. Mie hakunitazama. Akamgeukia Clara, akasema kwa upole, maana Zubeda hajawahi kuwa mtu wa kelele:

"Mwanangu, hebu tazama. Simu inasemaje?"

Clara akaona haya kwa niaba yangu, Mungu ambariki. Akatoa simu polepole, akaitazama, akanitazama mie.

"Inasema kushoto, bibi. Kama alivyosema yeye."

"Haya," Zubeda akasema. "Kama simu imekubali, twende."